BARAFU YA KIBO NA NGITILI ZA SHINYANGA: HESABU YA AKIBA YA MAJI

(Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi)



Mkulima wa pamba wa Kishapu anapoambiwa kwamba barafu ya Mlima Kilimanjaro inakwisha, aghalabu husikiliza kwa adabu, kisha hurudi kwenye shughuli zake. Mlima huo uko mbali naye. Katika nchi ya Usukuma hakuna theluji, wala hakuna mto unaotoka kwenye theluji. Mito mingi ni michanga mitupu wakati wa kiangazi, na mwenye kutaka maji hufukua mchanga mpaka ayakute. Ni haki yake basi kuuliza: habari ya barafu inamhusu nini mtu ambaye hajapata kuiona?

Swali hilo linastahili jibu lenye hesabu, maana hesabu ndiyo lugha iliyozoeleka katika vyama vya ushirika. Jibu lenyewe lina sehemu mbili. Kwanza, barafu ya Kibo ni daftari lililo wazi, ambalo kila mwenye macho anaweza kusoma humo jinsi hali ya hewa ya dunia inavyobadilika. Pili, anayelisoma daftari hilo mpaka mwisho hugundua kwamba akiba kubwa ya maji ya Afrika Mashariki haikuwekwa kileleni. Imewekwa katika misitu na katika udongo. Na Shinyanga ni mahali ambapo akiba ya namna hiyo iliwahi kufilisika, kisha ikafufuliwa kwa mikono ya wanavijiji wenyewe. Kitu kilichofufuliwa chaweza kufa tena, na hapo ndipo ulipo wajibu wa vyama.

MAPATO NA MATUMIZI YA BARAFU

Barafu iliyo juu ya Kibo haikuwekwa pale mara moja ikabaki kama jiwe. Ina mapato na ina matumizi. Mapato yake ni theluji inayoanguka katika majira ya mvua. Matumizi yake ni ile barafu inayoyeyuka na ile inayogeuka mvuke. Mapato yakizidi, barafu hunenepa na kushuka mteremko polepole. Matumizi yakizidi, akiba huliwa. Chama kinachotumia zaidi ya kile kinachoingiza kinaweza kuendelea kwa muda, na mgeni akipita nje ataona ghala limesimama na bendera inapepea. Mkaguzi tu ndiye anayefungua vitabu na kuona kwamba mtaji unaliwa.

Wakaguzi wa barafu wamekuwapo kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliuona mlima huo ukiwa na theluji, na alipopeleka habari Ulaya, baadhi ya wanachuoni hawakuamini kwamba theluji yaweza kukaa karibu na mstari wa Ikweta. Wachagga wenyewe hawakuhitaji kuambiwa, kwani walikuwa wakiiona kila asubuhi kulipokuwa hakuna mawingu. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, wakisaidiwa njiani na waongozaji na wapagazi Waafrika. Mwaka 1912 ikapimwa ramani iliyoonyesha kwamba eneo la barafu lilikuwa kilomita za mraba zipatazo 12, yaani hekta 1,200 hivi.

Tangu hapo vipimo vimerudiwa mara nyingi, kwanza kwa miguu, halafu kwa picha za ndege, na baadaye kwa setilaiti. Kufikia mwaka 2000 zilibaki kilomita za mraba 2.6 hivi. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa chini ya 2. Katika kila hekta 100 za barafu zilizopimwa mwaka 1912, takriban 85 zilikuwa zimetoweka katika muda usiotimia miaka mia moja. Mlima Kenya nao umepoteza sehemu kubwa ya barafu yake. Milima ya Rwenzori, iliyoko mpakani mwa Uganda na Kongo, ilikuwa na barafu ya kilomita za mraba 6.5 hivi mwaka 1906. Kufikia mwaka 2003 haikutimia hata kilomita moja ya mraba.

Mwaka 2000 wataalamu wakiongozwa na Lonnie Thompson wa Marekani walitoboa barafu ya Kibo na kutoa mihimili sita ya barafu, wakakadiria kwamba tabaka za chini kabisa zina umri wa miaka ipatayo 11,700. Mwaka 2002 walitangaza kwamba, kwa mwendo ule, barafu yote ingekwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na barafu ingalipo, ingawa imevunjika vipande na inaendelea kupungua. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilitoa makadirio mengine, kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya itakuwa imetoweka ifikapo mwaka 2050. Hapa katibu wa chama apate funzo moja. Tarehe ya kufilisika yaweza kukosewa na mkaguzi, lakini kosa hilo halibadilishi ukweli kwamba kila mwaka matumizi yamezidi mapato.

SABABU ZA KUPUNGUA

Watu wengi hudhani kwamba barafu ya Kibo inayeyuka kama kipande cha barafu kilichowekwa juani kwenye sinia. Ukweli una mambo zaidi. Kilele kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na wastani wa hali ya joto huko ni nyuzi 7 hivi chini ya sifuri. Katika baridi ya namna hiyo, sehemu kubwa ya barafu ya juu hupotea kwa kugeuzwa mvuke moja kwa moja na jua kali na hewa kavu, bila kupitia hali ya maji.

Tena kuna jambo la rangi. Theluji mpya ni nyeupe, na weupe wake huurudisha mwanga wa jua angani. Barafu kuukuu huwa na vumbi, nayo hunyonya joto. Kwa hiyo msimu uliokosa theluji huleta hasara mbili kwa pamoja: mapato hayakuingia, na matumizi yameongezeka.

Kupungua huku kulianza zamani kidogo. Mnamo miaka ya 1880 hewa ya Afrika Mashariki iligeuka kuwa kavu kuliko ilivyokuwa. Ushahidi wake hauko Kilimanjaro peke yake. Ziwa Victoria, ambalo Wasukuma wanaliita Nyanza, lilikuwa limejaa sana mwishoni mwa miaka ya 1870, kisha maji yake yakashuka. Ziwa hilo hupata zaidi ya robo tatu ya maji yake kutokana na mvua inayolinyeshea lenyewe, kwa hiyo mvua ikipungua, ziwa halichelewi kuonyesha. Anga lile lile lililoinyima Kibo theluji ndilo lililoteremsha ziwa la Geita na Mwanza. Basi yule mkulima aliyeuliza barafu inamhusu nini amekwisha kupata sehemu ya jibu lake: mlima na ziwa vina mwajiri mmoja.

Juu ya ukavu huo wa zamani limekuja joto la siku hizi. Viwanda, magari na mitambo ya dunia, hasa ya nchi tajiri, imechoma makaa ya mawe na mafuta kwa wingi, na hewa ya ukaa iliyotoka humo imeizunguka dunia kama blanketi. Jopo la wataalamu wa tabianchi la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2021 kwamba dunia imepata joto zaidi kwa kadiri ya nyuzi 1.1 kuliko ilivyokuwa katika miaka ya 1850 hadi 1900. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyopata kupimwa, na ulizidi ile ya zamani kwa nyuzi 1.5 hivi. Bahari ya Hindi nayo imepata joto, na bahari hiyo ndiyo inayotawala sehemu kubwa ya mvua za Afrika Mashariki. Wataalamu wangali wakijadiliana ni kiasi gani cha hasara ya Kibo kinatokana na uhaba wa theluji na ni kiasi gani kinatokana na joto. Hawajadiliani juu ya hasara yenyewe.

Wala haifai kudhani kwamba joto huleta ukame tu. Mwaka 2006 Ziwa Victoria lilishuka sana. Mwaka 2020 lilifurika hadi kiwango cha juu ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1964, na watu wa mwambao walihama nyumba zao. Kwa mkulima, jambo zito ni kwamba mvua hukosa utaratibu: huchelewa, huja yote kwa wiki moja, kisha hukata mbegu zikiwa zimechipua. Mkulima anayepanda pamba mwezi Novemba au Desemba anaujua mchezo huo bila kufundishwa.

AKIBA IKO WAPI?

Sasa yafaa kusahihisha wazo lililoenea sana, hata katika vitabu vya shule. Husemwa kwamba barafu ya Kilimanjaro ikiisha, mito yote ya mlima itakauka. Sivyo. Barafu iliyobaki ni ndogo mno, na sehemu yake nzuri hupotea angani kwa mvuke. Maji yanayolisha migomba ya Wachagga na Mto Pangani hutoka hasa katika mvua na ukungu unaonaswa na msitu wa mlimani. Msitu huo ndio tangi. Majani na kuvu-mwani za mitini hunasa ukungu, mboji huyanywa maji kama sifongo, na chemchemi huyatoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Moto umeteketeza sehemu kubwa ya msitu wa juu tangu miaka ya 1970, na hasara hiyo kwa mito ni kubwa kuliko hasara ya barafu.

Haya hayapunguzi uzito wa habari ya barafu. Yanaonyesha tu mahali pa kuelekeza nguvu. Hakuna kijiji chochote duniani kinachoweza kuirudisha barafu ya Kibo kwa kupitisha azimio. Jambo hilo liko mikononi mwa mataifa yanayochoma mafuta mengi. Lakini tangi la pili, yaani msitu, majani na udongo, liko mikononi mwa wanavijiji. Na ushahidi kwamba wanavijiji wanaliweza haupo mbali. Upo Shinyanga.

KUFILISIKA NA KUFUFUKA KWA SHINYANGA

Sehemu kubwa ya Shinyanga hupata mvua ya milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, na yote huanguka katika msimu mmoja. Hapo zamani nchi hiyo ilikuwa na misitu ya miombo na migunga. Katika miaka ya 1920 hadi 1940 serikali ya kikoloni ilifyeka mapori mengi ili kuangamiza mbung'o. Baadaye kilimo cha pamba kilipanuka, ng'ombe wakaongezeka, na kuni na nguzo zikaendelea kukatwa. Katika miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, kaya nyingi zilihamia vijiji vipya na kuyaacha malisho yaliyokuwa yametunzwa na wazee. Kila hatua ilikuwa na sababu zake. Jumla yake ilikuwa nchi tupu, yenye upepo wa vumbi na makorongo yanayokula mashamba.

Mwalimu Julius Nyerere alipouzuru mkoa huo mwaka 1984 alishtushwa na hali aliyoiona, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI. Mwanzoni mradi ulihimiza kupanda miche ya vitaluni, na miche mingi ilikufa kwa mchwa na kiangazi. Ndipo maofisa wakaanza kuwasikiliza wenyeji, ambao walikuwa na desturi yao ya miaka mingi: ngitili.

Ngitili ni eneo la majani na miti linalofungwa mvua zinapoanza, mifugo isiingie, na kufunguliwa katikati ya kiangazi wakati malisho mengine yamekwisha. Zipo ngitili za kaya na zipo za kijiji. Eneo likifungwa, visiki ambavyo mizizi yake ilikuwa ingali hai huchipua, na mbegu zilizolala ardhini huota. Hakuna anayebeba maji ya kumwagilia. Kazi ya mwanadamu ni kujizuia, na kuwazuia wengine kwa sheria. Sheria hizo zilipitishwa katika dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, na zikasimamiwa na sungusungu pamoja na serikali za vijiji.

Yafaa takwimu zake zisomwe kwa makini. Mwaka 1986 ngitili zilizofahamika zilikuwa hekta zipatazo 600, yaani nusu tu ya eneo la barafu ya Kibo la mwaka 1912. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji 833 vya Mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, ambao ulijumuisha pia wilaya ambazo tangu mwaka 2012 zimo katika Mikoa ya Simiyu na Geita. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta, inayotolewa chini ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2005 ulikadiria kwamba faida ya ngitili, ikihesabiwa kwa kuni, nguzo, majani ya kuezekea, malisho, asali, dawa na matunda, ilifikia dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, ilhali wastani wa matumizi ya mtu wa vijijini Tanzania ulikuwa dola 8.50. Wanawake waliokuwa wakitembea nusu siku kutafuta kuni walipata kuni karibu na nyumbani. Visima vilivyokuwa vikikauka mapema vikakaa na maji kwa muda mrefu zaidi.

Kwa maneno ya mhasibu: Kilimanjaro imepoteza zaidi ya hekta 1,000 za barafu katika karne moja, na hakuna aliyeweza kuzuia. Shinyanga imerudisha mamia ya maelfu ya hekta za miti na majani katika miaka isiyozidi 20, na waliofanya hivyo ni wakulima na wafugaji.

HATARI ILIYOPO

Mradi wa HASHI ulifikia mwisho wake mwaka 2004. Tangu hapo ngitili zimebaki mikononi mwa wenyewe, na zimekabiliwa na mambo matatu.

La kwanza ni jembe. Bei ya pamba inapopanda, ngitili huonekana kama shamba lililolala. Mwenye nayo hulima nusu mwaka huu na nusu iliyobaki mwaka ujao. Anapata mavuno mazuri misimu miwili au mitatu kwa nguvu ya mboji ya miaka mingi, kisha udongo unachoka, na ngitili imekwisha.

La pili ni mkaa. Miji ya Shinyanga, Kahama, Geita na Mwanza imekua, na gunia la mkaa hununuliwa kila siku ya mwaka, ilhali pamba hununuliwa mara moja.

La tatu ni dhahabu. Uchimbaji wa Geita ni wa zamani: dhahabu ilijulikana tangu enzi za Wajerumani, mgodi mkubwa wa zama za Waingereza ulifungwa mwaka 1966, na uchimbaji mkubwa wa kisasa ulianza mwaka 2000. Pembeni yake wako wachimbaji wadogo, kwa maelfu, kutoka Geita hadi Kahama. Kila duara linalochimbwa huhitaji matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke. Bila matimba watu hufukiwa, kwa hiyo hakuna mwenye akili atakayewaambia wachimbaji wasiyatumie. Lakini magogo hayo hukatwa katika misitu ya akiba na katika ngitili, na udongo wa dhahabu unaposagwa na kuoshwa huhitaji maji, maji ambayo misitu hiyo hiyo ndiyo inayoyatunza. Wachimbaji wengi ni vijana wa wakulima wa pamba. Kijana anakata mti Bukombe, na mama yake anakosa kuni kijijini.

Na lazima isemwe kwamba ngitili zenyewe zina kasoro. Mwenye ng'ombe wengi hufaidi kuliko asiye na ng'ombe. Mwenye ardhi kubwa hufunga eneo kubwa, na jirani maskini hubaki akichungulia. Pale ambapo sheria imetungwa bila kuwashirikisha wanawake wanaookota kuni na vijana wasio na mashamba, hao ndio wa kwanza kuivunja. Uzio wa haki ni imara kuliko uzio wa miiba.

YANAYOWEZA KUFANYWA NA CHAMA

Chama cha msingi hakimiliki ngitili. Ngitili ni za kaya na vijiji. Hata hivyo wanachama wa chama ndio wenye ngitili, ndio wajumbe wa serikali za vijiji, na ndio wanaolipia gharama ya ukame pale mkopo wa pembejeo unapokosa marejesho. Kwa sababu hiyo mambo matano yanapendekezwa.

Kwanza, kila chama kiandike katika daftari orodha ya ngitili za wanachama wake na za vijiji vinavyokizunguka, pamoja na ukubwa na mipaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakiwezesha kijiji kutenga na kuhifadhi msitu wake kwa sheria ndogo. Mali isiyoandikwa haiwezi kukaguliwa, na isiyokaguliwa huliwa.

Pili, kila ofisi ya chama iwe na kipimo cha mvua, na katibu aandike milimita za kila siku saa 3 asubuhi. Daftari la miaka 10 litamfaa mkulima wa mahali pale kuliko uvumi wowote. Kilimanjaro imejulikana kwa sababu kuna waliopima mwaka 1912 na wengine wakapima tena.

Tatu, paa la ghala livune maji. Hesabu yake ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua katika mita 1 ya mraba ni lita 1. Ghala lenye paa la mita 10 kwa 20 lina mita za mraba 200. Kwa mvua ya milimita 700 linapokea lita 140,000 kwa mwaka. Hata sehemu moja kati ya tano ikipotea, zinabaki lita 112,000, yaani madebe 5,600 ya lita 20. Maji hayo mara nyingi huachwa yachimbe korongo nyuma ya ghala. Kinachohitajika ni mifereji ya bati pembeni mwa paa na tangi. Hali kadhalika, ekari moja ya shamba hupokea lita zipatazo milioni 2.8 kwa mvua hiyo hiyo. Majaruba ya mpunga ambayo Wasukuma wanayajua vizuri, na matuta ya pamba yaliyofungwa kwa vizuizi vidogo ili maji yasikimbie, ni njia za kuyazuia maji hayo yakae shambani.

Nne, vyama vya Geita, Mbogwe, Bukombe na Kahama viangalie biashara ya matimba kwa jicho la ushirika. Magogo yanahitajika na yataendelea kuhitajika. Chama kinachopanda miti inayokua haraka katika ardhi iliyochoka, na kuwauzia wachimbaji kwa mkataba na stakabadhi, kitapata mapato na kuipunguzia ngitili shoka. Miche ipandwe mbali na visima na vijito, maana baadhi ya miti ya haraka hunywa maji mengi.

Tano, tija ya ekari ipewe heshima kuliko wingi wa ekari. Mwanachama anayevuna kilo nyingi katika ekari 3 kwa kupanda mapema, kupalilia na kuzuia maji yasikimbie, hana haja ya kulima ngitili yake ili apate ekari 6 zenye mavuno hafifu.

Ndugu Wanachama,

Vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa vinaijua maana ya kupotewa na kitu kilichojengwa kwa taabu. Wakulima walianzisha vyama vyao katika miaka ya 1950 ili waepuke mizani ya udanganyifu. Vyama vikuu vikavunjwa mwaka 1976. Sheria ikavirudisha mwaka 1982, na kazi ya kujenga ikaanza upya. Waliokuwapo wanajua kwamba kuirudisha taasisi huchukua muda mrefu kuliko kuivunja. Msitu nao ni hivyo. Shoka humaliza kwa wiki moja kile ambacho mizizi ilikifanya kwa miaka 15.

Kwa hiyo katika Mkutano Mkuu wa Mwaka ujao, baada ya taarifa ya mapato na matumizi kusomwa na kabla ya mengineyo, kila chama kiweke ajenda moja zaidi: hekta za ngitili zilizokuwapo mwaka jana, hekta zilizopo mwaka huu, na sababu ya tofauti. Katibu asome tarakimu hizo kwa sauti, kama anavyosoma za pamba, na wanachama waulize maswali.